Vyungu Vilivyorudi Vitupu

Siku yangu ya kwanza kazini Mhifadhi alinipa daftari na penseli, akaniambia nihesabu vitu vyote vilivyokuwa ukumbini. Nilihesabu nikapata mia moja na kumi na mbili. Kwa kuwa sina mazoea ya kuiamini hesabu ya kwanza, hata kama nimeihesabu mwenyewe, nikarudia. Nikapata mia moja na kumi na moja. Ilikuwa mwezi wa Juni, Sumbawanga yote imejikunyata ndani ya makoti, lakini mimi jasho lilinitoka. Kigoda namba thelathini na nane hakikuwepo. Nikaenda ofisini kukiri kwamba nimepoteza mali ya makumbusho kabla ya saa nne asubuhi, nikamkuta Mhifadhi amekikalia.

"Kipo," akasema bila kuinuka. "Andika: kipo, kinatumika."

Vijana wengi wananiuliza kazi ya makumbusho ni nini hasa, maana wanaona ni kulinda vitu vya zamani visikimbie. Mhifadhi ndiye mtu anayetunza vitu visioze, visiibwe na visisahaulike. Huyu wa kwangu alikuwa mtu wa pwani, mrefu, mpole wa maneno, aliyesomea kazi hiyo na kuletwa juu huku kwenye baridi na sweta moja. Mimi niliajiriwa kama mhudumu wa ukumbi, yaani mtu wa kufungua mlango, kufuta vumbi na kuwaambia watoto wasiguse. Baadaye nikawa msaidizi wa programu, kisha msimamizi wa programu za jamii, cheo ambacho maana yake ni hii: vitu viko ndani, watu wako nje, kazi yako ni kuwakutanisha bila kitu kuvunjika wala mtu kukasirika.

Kabla ya hapo nilikuwa mfanyabiashara wa kwenda na kurudi Kasesya, mpakani. Nilileta vitenge na sabuni, nikapeleka maharage. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu anauza kitu. Mhifadhi alikuja kwenye meza yangu sokoni kununua kitenge cha kufunikia kabati lake la vioo. Tulivutana bei tangu saa tatu mpaka saa tano. Mwishowe alilipa bei niliyoanza nayo, akakunja kitenge chake, halafu akasema, "Bi Gaudensia, mtu anayeweza kunifanyia hivi anaweza kumshawishi yeyote alete chochote. Njoo ufanye kazi kwangu." Nilijadiliana naye mshahara pia. Huko nilishindwa.

Makumbusho yetu yalikuwa madogo, vyumba vitatu ndani ya ghala la zamani. Tulikuwa na michoro ya wasanii wa hapa, vinyago vichache, nguo za pamba zilizofumwa na wazee, majembe ya chuma cha kienyeji. Jumamosi tulifundisha watoto kuchora kwa mkaa. Kila mwezi tulipeleka shuleni sanduku la safari, ambalo ni sanduku la bati lenye vitu kumi vya kushikwashikwa, ili mwanafunzi wa kijijini asilazimike kuja mjini kuona kazi ya babu yake. Sanduku hilo nililihesabu linapotoka na linaporudi. Mara moja lilirudi na vitu kumi na kimoja. Shule nzima ilikataa kukitambua kile cha ziada, na mpaka leo hatujui filimbi ile ni ya nani.

Hapo ndipo Mhifadhi alipopata wazo la maonyesho ya vyungu. Wakati huo ndoo za plastiki na sufuria nyepesi zilikuwa zinaingia kwa malori, na kina mama waliofinyanga walikuwa wanarudi na mizigo yao kutoka sokoni kama walivyokwenda nayo. Tulitaka watu wa mjini wavione vyungu vile kama kazi ya sanaa, kila kimoja na aliyekitengeneza. Kununua hatukuweza. Tukaamua kuazima.

Kuazima katika kazi yetu kuna utaratibu wake. Kuna hati ya kuazima, nakala mbili, moja ya mwenye kitu na moja yetu. Unaandika kitu ni nini, kina ukubwa gani, na hali yake siku ya kupokelewa. Kanuni kuu ni moja: kitu kirudi katika hali ileile kiliyokuja nayo. Mhifadhi alinifundisha sentensi hiyo kama padri anavyofundisha komunyo ya kwanza.

Nikaenda vijijini kwa baiskeli, upande wa Kaengesa, nyumba hadi nyumba. Wa kwanza alikuwa Mama Skolastika, mfinyanzi ambaye kina mama wengine wote walimsubiri aseme kwanza. Nilimkuta anapepeta ulezi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Unataka nini mwenye baiskeli?"

"Nataka uniazime chungu chako nikakiweke mjini."

"Ukakipikie nini?"

"Sipikii. Watu watakiangalia."

"Wataangalia tu?"

"Wataangalia tu."

"Halafu wanakwenda nyumbani kula?"

"Ndiyo, Mama."

Akamgeukia jirani yake. "Mjini kumekuwa na shida kuliko nilivyofikiri."

Alinipa siku tatu. Mimi nilitaka wiki sita. Tulikutana kwenye mwezi mmoja. Alidai pia jina lake liandikwe kwenye lebo, ile karatasi ndogo inayokaa mbele ya kitu, jina lake kamili pamoja na la ubatizo, yasiwe maneno ya jumla kwamba kimefinyangwa na mwanamke wa Kifipa. Nilikubali haraka, jambo ambalo kwa kawaida silifanyi. Nyumba kumi na tisa zilinipa vyungu arobaini. Cha arobaini na moja kilikuwa kibuyu cha kusukia maziwa cha Mama Milembe, Msukuma aliyekuwa amehamia na mume wake na ng'ombe kutoka kaskazini. Alisema kama majirani zake wanakwenda mjini kuangaliwa, kibuyu chake hakitabaki nyuma.

Maonyesho yalikwenda vizuri. Walimu walikuja, mapadri walikuja, wanafunzi waliletwa kwa mistari. Mwezi ulipokwisha tulikodi pikapu, tukapanga vitu ndani ya majani makavu, nami nikavirudisha kimoja kimoja. Arobaini na moja vilitoka, arobaini na moja vikarudi, hakuna mdomo uliobanduka. Kwenye kila hati niliandika: Hali wakati wa kupokelewa, kizima, kitupu. Hali wakati wa kurudishwa, kizima, kitupu.

Mama Skolastika alikipokea chungu chake, akakiinamisha kwenye mwanga, akatazama ndani. Akanitazama mimi. Akatazama ndani tena. Kisha akaandika jina lake kwenye hati.

"Haya, mwanangu," akasema. "Safari njema."

Wote walikuwa hivyo, kimya na adabu. Nikadhani ni haya ya watu wa shamba mbele ya karatasi za serikali. Mhifadhi alipozipitia hati zangu alisema hajawahi kuona marejesho safi kama yale hata huko alikosomea. Nilitembea na sifa hiyo karibu mwaka mzima.

Mwaka uliofuata kamati iliyomiliki lile ghala ilituita. Mwenyekiti wake alikuwa mtu wa haki lakini wa haraka. Alituambia kuna mfanyabiashara wa mitumba anayetaka nyumba yote, vyumba vitatu na ua, na yuko tayari kuingia hata kesho.

"Mwenyekiti, hii ni nyumba ya sanaa ya watu wa hapa," Mhifadhi akasema.

"Watu gani wa hapa? Mwaka jana nilipita nikaona masista wawili na mwalimu."

"Walikuja wengi."

"Waliletwa wengi. Mimi nataka kuona mtu aliyefunga mlango wake mwenyewe akaja kwa miguu yake." Akageukia kalenda ukutani. "Mna maonyesho ya vyungu tena, si ndiyo? Siku ya kufungua nitakuja saa sita mchana. Nikikuta nyumba imejaa wenyeji, mtaendelea. Nikikuta lebo zinaangaliana, nachukua funguo siku hiyohiyo."

Basi nikapanda baiskeli. Safari hii tulitaka vyungu pamoja na wafinyanzi wenyewe, waje wafinyange uani mbele ya watu. Nilikwenda kwa Mama Skolastika, akanikaribisha vizuri, akanipa kiti, akaniambia chungu chake kiko msibani. Nyumba ya pili chungu kilikuwa kimekwenda kumsalimia shangazi. Ya tatu kilikuwa kinaumwa.

"Kinaumwa nini?" nikauliza.

"Hatujajua bado," mwenye nyumba akasema, uso mkavu kabisa.

Nyumba kumi na tisa zilinipa visingizio kumi na tisa. Nikarudia nyumba zote wiki iliyofuata, maana labda mara ya kwanza nilikosea. Nikapata kumi na tisa vingine, vipya. Hakuna aliyenikatalia. Kukataliwa ningekujadili. Mtu anayekwambia chungu chake kinaumwa huna pa kumshikia.

Mhifadhi alidhani wanataka kulipwa. Nilimwambia anayetaka kulipwa huanza kwa kulalamika kuhusu watoto wake, na hawa hawakutaja hata mtoto mmoja.

Aliyeniambia ukweli ni Mama Milembe. Alikuwa mgeni pale, adabu ya kunyamaza ya Kifipa ilikuwa bado haijamshika sawasawa. Nilimkuta zizini.

"Wewe dada," akasema, "kibuyu changu ulinirudishia kitupu."

"Kilikuja kitupu, Mama Milembe. Niliandika."

"Uliandika." Akafuta mikono kwenye khanga. "Nikajiuliza, labda ndiyo tabia ya Wafipa, mimi nimehamia juzi. Nikawauliza majirani, na nyinyi chombo cha mtu mnakirudisha hivi? Wakacheka. Halafu wakaacha kucheka."

Nilibaki nimesimama na baiskeli yangu. Nimezaliwa Malangali, hapahapa Sumbawanga. Mama yangu hakuniruhusu hata siku moja kurudisha sahani ya jirani ikiwa tupu. Tulipokosa kabisa alitia chumvi ya kunyanyua kwa vidole viwili. Jambo hilo nililijua kabla sijajua kuhesabu. Na bado nilikuwa nimeandika neno "kitupu" kwa mkono wangu na kulipeleka kwenye nyumba za watu, vyombo arobaini na moja, nakala mbili kila kimoja. Nilivichunguza midomo, nikavipima vimo, nikavigonga kusikia kama vina ufa. Ndani sikutazama.

Nilirudi mjini nikamweleza Mhifadhi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanirudishia kanuni.

"Bi Gaudensia, tukianza kutia vitu ndani ya vitu vya watu, huo si uhifadhi tena. Kitu kirudi katika hali ileile."

"Kwenu pwani, Mhifadhi, mwezi wa Ramadhani jirani akileta sahani ya futari, inarudi vipi?"

Akaanza kuzipanga upya hati zangu mezani.

"Inarudi vipi?"

"Mama alikuwa anatia tambi," akasema. "Lakini ile ilikuwa sahani, Bi Gaudensia. Hivi ni vitu vya maonyesho."

"Mwenye chungu hajaambiwa hilo. Yeye anadhani ni chungu chake."

Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kesho yake asubuhi alikuja na sweta lake, akauliza tutakwenda na nini.

Tulikwenda na chumvi. Nilipatana na muuza duka mpaka akatupimia kwa debe, na tukaenda wote wawili, nyumba kumi na tisa na ile ya ishirini ya Mama Milembe. Nilimwambia Mhifadhi atie kwa mkono wake, maana sahihi kwenye zile hati ilikuwa yake. Kwa Mama Skolastika alipiga magoti kidogo, akaeleza kwa Kiswahili chake kizuri cha pwani kwamba tulikosea, akaomba tumalize tulichokiacha. Mama Skolastika aliingia ndani akatoka na chungu. Kilikuwa safi vilevile tulivyokirudisha. Hakikuwa na hata alama ya moshi mpya.

"Hujakipikia, Mama?" nikauliza.

"Mwaka mzima."

"Kwa nini?"

"Kilikuwa bado hakijafika."

Mhifadhi akatia chumvi. Mama akaitazama, akaionja kwa ncha ya kidole, akakubali kwa kichwa kama mtu anayepokea salamu iliyochelewa njiani. Nikamuuliza kama atakuja siku ya maonyesho.

"Nimekusikia," akasema. Zaidi ya hapo hakusema, na wengine wote walisema vivyo hivyo.

Siku ya kufungua tulipanga meza arobaini na moja zikiwa hazina kitu. Saa nne hakuna mtu. Saa tano walikuja watoto wangu wanne wa darasa la mkaa, ambao siwezi kuwahesabu kwa sababu wangekuja hata kama nyumba ingekuwa inaungua. Saa tano na nusu Mwenyekiti aliwahi, akiwa na yule mfanyabiashara wa mitumba na futi ya kupimia. Mfanyabiashara alisalimia vizuri, akaomba radhi, akaanza kupima ukuta wa kushoto. Mhifadhi alisimama katikati ya ukumbi mikono nyuma. Mimi nilikwenda barabarani kwa sababu sikutaka kusikia futi ile ikivutwa.

Niliwaona kwanza kwa vichwa vyao. Walikuwa wanakuja kwa mstari kutoka upande wa stendi ya malori, vyungu kichwani, na nyuma yao wanaume na baiskeli, na watoto, na bibi mmoja anayesukumwa kwenye mkokoteni. Mama Skolastika yuko mbele. Nilianza kuhesabu nikafika sitini nikaacha, kitu ambacho sijawahi kukifanya kabla wala baada ya hapo.

"Umesimama nje," Mama Skolastika akaniambia. "Kwako hakufunguliwi?"

Ndipo nilipoona vyungu havikuwa vitupu. Kuna chenye ulezi mpaka shingoni. Kuna chenye maharage yaliyopikwa, bado yanatoa mvuke. Kuna unga, karanga, mboga, pombe ya ulezi chini ya majani ya mgomba, na kibuyu cha Mama Milembe kilikuwa na maziwa ya mgando. Sasa lazima mwelewe: kitu cha kwanza unachofundishwa makumbusho, kabla hata ya kufuta vumbi, ni kwamba chakula hakiingii ukumbini. Chakula huleta panya, nafaka huleta fukusi, fukusi hutoka kwenye ulezi akaingia kwenye kinyago. Mlangoni tulikuwa na ubao ulioandikwa hivyo kwa herufi kubwa, na Mhifadhi alikuwa amesimama chini yake.

Kina mama wakasimama. Mstari wote ukasimama. Mama Skolastika aliusoma ubao polepole, neno kwa neno, kisha akamtazama Mhifadhi na kusubiri, chungu kichwani, shingo haitikisiki. Nilijua kabisa kwamba akigeuka, watageuka wote, na safari hii hakuna chumvi itakayotosha. Mwenyekiti alikuwa amekuja mlangoni kuona. Hata futi ilikuwa imenyamaza.

Mhifadhi aliutazama ule ubao aliouandika mwenyewe. Akautoa kwenye msumari, akauegemeza ukutani, uso wake ndani.

"Bi Gaudensia," akasema, "leta hati. Andika. Hali wakati wa kupokelewa: kizima, kimejaa."

Niliandika mara arobaini na moja, nakala mbili. Ukumbi ulijaa, ua ukajaa, watu wakasimama mpaka barabarani. Kina mama walifinyanga uani na kuwacheka vijana wa mjini waliojaribu, ambao vyungu vyao vilikaa chini kama ng'ombe aliyechoka. Maharage yaliliwa mbele ya michoro. Mfanyabiashara wa mitumba hakuweza kuufikia ukuta wa kulia. Mtu alimpa bakuli, akakaa nalo, na mara ya mwisho nilipomwona alikuwa anambembeleza Mama Skolastika amfinyangie chungu, naye anamwambia asubiri zamu.

Mwenyekiti alinifuata jioni nikiwa nahesabu.

"Hivi vyombo mtarudisha lini?"

"Mwezi ujao."

"Vitupu?"

"Haiwezekani tena, Mwenyekiti. Vimekuja vimejaa."

"Kwa hiyo mtawapelekea kitu. Halafu wao mwakani watawaletea kitu."

"Ndivyo inavyoonekana."

Alifikiri. Alikuwa Mfipa na yeye. "Basi sioni ni siku gani nitaweza kuifunga nyumba hii," akasema. "Kila nikija nitakuta kuna mtu anamsubiri mwenzake." Akaondoka, funguo zetu zikabaki msumarini.

Fukusi waliingia, siwezi kudanganya. Mhifadhi alipambana nao miezi minne na hakunilaumu hata siku moja, ingawa kila alipomwona mmoja aliniita nije nimwone. Alihamishwa baadaye. Nilifanya kazi chini ya wahifadhi wengine watatu, mmoja mkali, mmoja mgonjwa, mmoja anayependa mikutano. Nilipelekwa mwaka mmoja Kasesya kuendesha chumba kidogo cha maonyesho karibu na forodha, ambako madereva wa malori walikuja kuangalia picha huku wakisubiri mihuri, na baadhi yao walichora vizuri kuliko walivyoendesha. Kila mahali nilipokwenda niliongeza safu moja kwenye hati ya kuazima, mwishoni kabisa, kwa rula: Kimerudi na nini.

Mwaka wa kustaafu nilifanya makabidhiano na Mhifadhi mpya, binti aliyetoka chuo kikuu, makini, mwenye kompyuta. Tulihesabu kila kitu mara mbili na hesabu zikalingana, jambo lililomshangaza yeye kuliko mimi. Kisha akafika kwenye safu ile. Aliisoma juu hadi chini: maharage, chumvi, unga, yai moja, mbegu za maboga, sabuni, picha aliyochora mtoto.

"Mama, hii safu naijumlishaje? Haina kipimo kimoja."

"Haijumlishwi, mwanangu. Unaisoma tu kuona kama kuna mahali peupe."

"Na nikikuta peupe?"

"Kuna chungu hakijafika kwake."

Alifikiri kama wanavyofikiri waliosoma, macho darini. "Na ikitokea mwaka hatuna kitu kabisa? Hata chumvi?"

"Basi unakwenda mwenyewe. Unakaa naye, unaongea naye mpaka akuambie sasa nenda. Na hiyo nayo unaiandika."

Akaiandika pembeni ya ukurasa, kwa penseli. Nikampa kalamu yangu ya wino.